Shina Lisilo na Madoa

Wewe unayenisikiliza, toa simu yako mfukoni uiweke mezani. Tutaihitaji mwishoni. Kwa sasa nipe masikio tu, kwa sababu nataka kukueleza habari za mwanamke mmoja ambaye hapa Mweiga tulimwita Afisa. Sitakupa jina lake jingine. Hata alipougua homa ya mapafu na mchungaji akamwombea kanisani, alimwomba Mungu amkumbuke Afisa, na sote tukaitikia amina bila kuona kwamba kuna kitu kimepungua.

Alikuwa afisa wa kilimo, kisha akastaafu, lakini cheo kikakataa kustaafu naye.

Ukitaka kumwona akilini, anza na miguu. Miguu yake haikutulia. Alivaa gambuti nyeusi jua likiwaka na mvua ikinyesha. Simu ilining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, imevikwa karatasi ya mkate ili isilowe. Ukimkaribisha chai aliinywa akiwa amesimama mlangoni, jicho moja likiwa kwenye ua wako wa nje. Kikombe kikifika nusu alikiweka popote, juu ya nguzo, juu ya tangi la maji, kisha akaenda kuinama ukingoni mwa shamba. Nimeokota vikombe vyangu mahali ambapo hata mbuzi hawafiki.

"Afisa, kaa basi," nilimwambia. "Chai haikimbii."

"Chai haikimbii, Mwalimu. Kipepeo ndio inakimbia."

Mimi nafundisha darasa la nne, ndiyo sababu aliniita Mwalimu. Kati ya boma lake na langu kulikuwa na ua wa miiba ya kayaba tu, na katika miaka yote ya ujirani hatukuwahi kuitana vingine.

Kwa kuwa kazi yangu ni kueleza, ngoja nieleze kwanza ile programu ya simu iliyomfanya ajulikane. Ni rahisi. Unapiga picha ya jani, ya ua, ya mdudu, hata ya unyayo. Simu inalinganisha picha yako na picha ambazo watu wengine wamewahi kupiga, halafu inakupa orodha ya majina, la kwanza likiwa la kile kinachofanana zaidi. Rudia maneno hayo mawili ya mwisho polepole. Simu haijui mmea. Haijaunusa, haijaugusa, haijui kama umeuchuma kando ya mto au nyuma ya choo. Inajua picha. Wengi wetu tulisoma jina la kwanza tukafunga simu. Afisa alisoma hadi la tano, kisha akapiga magoti kwenye matope na kuutazama mmea wenyewe upya, kana kwamba simu ilikuwa imemuuliza yeye.

Alipoipata, mwaka ule aliostaafu, aliifanyia mtihani. Aliniita niwe shahidi. Aliipeleka kwa mimea kumi anayoijua vizuri, mmoja baada ya mwingine, kuanzia nyumbani kwake hadi kwenye shamba langu la viazi. Mti wa mukinduri ikaupata. Mmea uitwao kisheria ikaupata. Ilipofika kwenye viazi vyangu, ambavyo vilikuwa bado havijatoa maua, ikasema ni managu, ile mboga ya mnavu.

"Si imekosa?" nikauliza.

"Haijakosa sana. Imeona ukoo, haijaona mtu. Kiazi na managu ni ndugu. Mtu akikuita jina la dada yako, utamwita mjinga?"

"Nitamwita hivyo kama anataka kunipika."

Akacheka, akaipa simu alama saba kwa kumi. Alisema kama ingekuwa mwanafunzi wangu angeipandisha darasa, ila asingeiachia jiko.

Baada ya hapo watu wakaanza kumletea. Wengine walileta majani mkononi, wengine walimtumia picha: kiwavi kwenye kabeji, uyoga karibu na kisima, ua la manjano ambalo mtoto ametafuna. Picha nyingi zilikuwa za ua peke yake, limejaza kioo kizima kama picha ya kitambulisho. Jibu lake lilikuwa moja. Alijirekodi akitembea, upepo ukivuma ndani ya maneno: "Umeniletea kichwa bila mwili. Niletee jani, juu na chini. Niletee shina. Halafu uniambie umeitoa wapi."

Na ukimwambia, "Lakini Afisa, simu imesema," alikata: "Simu haisemi. Wewe umeona nini?"

Huyo huyo, hata hivyo, nilimkuta siku moja akiipigia picha sukumawiki. Sukumawiki, mboga anayokula kila jioni! Nilipomuuliza anatafuta nini, alisema anataka kujua kama simu bado ina akili.

Alikuwa na mengi ya namna hiyo yasiyokubaliana. Boma lake lilikuwa tupu kama kiganja. Mtu aliyejua kila kinachoota kutoka msitu wa Aberdare hadi mjini Nyeri hakuwa na hata kitunguu mlangoni. "Nikipanda itabidi nikae nimwagilie," alisema, na alitamka neno kukaa kama mtu mwingine anavyotamka neno jela. Tena aliogopa kuku. Alisimama kwenye lango langu, gambuti mguuni, akiita kwa sauti ya chini: "Mwalimu, kuna jogoo hapa."

"Na wewe ni afisa wa kilimo!"

"Wa mimea. Niliandika hivyo kwa fomu."

Lakini hakuogopa kinyonga. Jumapili moja baada ya ibada kinyonga mwenye pembe tatu alitokea kwenye ua wa kanisa, na unajua sisi wa huku tulivyo na vinyonga. Kina mama walipiga mayowe, mmoja akachukua jiwe. Afisa alipita katikati yao, akanyoosha kidole, na kinyonga akapanda. Alimpiga picha tatu, akangoja simu itafute mtandao, kisha akasoma jina lote kwa sauti, lile refu la kitaalamu, kama mtu anayemtambulisha mgeni kwenye mkutano. "Sasa mmejuana," akasema. "Rudisha hiyo jiwe." Mama yule akalirudisha chini, polepole, kama mtoto aliyekamatwa.

Palikuwa pia na siku ambazo simu ilimkatalia. Kuna kitu kilikuwa kikifukua viazi vyetu na kuacha kinyesi kati ya mistari. Wengine walisema ni fisi. Simu ilitoa majina mengi, ikataja hadi swala. Afisa alichukua kijiti, akakivunja kile kinyesi kikavu, akatuonyesha nyuzi za mizizi ndani yake. Akageukia kiazi kilichotafunwa na kutuonyesha alama mbili pana za meno. "Nungunungu," akasema. "Simu haikuwa na kijiti."

Aliyemtania zaidi alikuwa Cucu, mama mzee kuliko wote mtaani kwetu, nyanya wa kila mtu. Thabai zake, ule upupu wa kupika ambao yeye huuchanganya na viazi, ziliota kwenye ua wake wote. Alimkuta Afisa ameinama hapo na simu.

"Unauliza hiyo simu nini?"

"Nauliza hii ni nini, Cucu. Naipima tu."

"Haiya! Ati simu haijui thabai? Wacha iishike na mkono. Itajua mara moja."

Afisa alicheka hadi akayumba, akajishikilia kwenye ua ili asianguke. Ua wenyewe, nimekwisha kukuambia, ulikuwa thabai. Cucu alimtazama akijipulizia kiganja na kurukaruka.

"Sasa na wewe umejua," akasema.

Nakusimulia haya kwa kirefu kwa sababu ni matamu, na kwa sababu nimekuwa nikipazunguka mahali ninapopaswa kufika. Basi nifike.

Miaka mitatu iliyopita, mwishoni mwa kiangazi, katika wiki zile ambazo mvua ya kwanza hutisha kila alasiri, nyasi yangu ya nepia ya kulisha ng'ombe iliisha. Nikateremka mtoni na panga kumkatia majani Kanini, ng'ombe wangu wa pekee wa maziwa. Hapa kwetu kila mtu hufanya hivyo kiangazi kikikaza. Unakata kinachoota kando ya mto na kando ya barabara, unafunga mzigo, unauangusha karibu na zizi. Katika mzigo wangu kulikuwa na majani mazuri, mepesi, yaliyochanikachanika kama ya karoti. Sikuyajua. Nikafanya jambo la busara, nikatoa simu. Nikapiga picha moja, kutoka juu, ya majani peke yake, kwa sababu majani ndiyo yaliyopendeza. Jina la kwanza lililokuja lilikuwa karoti ya mwitu. Nikamtumia Afisa picha hiyo.

Siku hiyo alikuwa mjini Nyeri. Sauti yake ilikuja haraka, na magari nyuma yake.

"Mwalimu, hiyo familia ya karoti usiichezee. Kuna nzuri na kuna muuaji, na majani yao ni kama mapacha. Ile mbaya shina yake iko na madoa ya zambarau, kama mtu ameirushia wino. Umeniletea kichwa bila mwili. Enda uangalie shina, uniambie iko na madoa ama haina."

Wakati huo mvua ilikuwa imeanza, ile ya matone makubwa yanayopiga mabati kama kokoto. Zizi liko hatua thelathini kutoka mlango wa jikoni kwangu. Nilikuwa na madaftari ya darasa zima mezani na soksi kavu miguuni. Nikaitazama mvua. Nikaandika: Haina madoa.

Sikwenda kuangalia.

"Basi kama haina, ni ile nzuri," akajibu. "Mpe kidogo, changanya na zingine."

Mvua ilipopungua nilimpa, na si kidogo. Kabla ya saa kumi Kanini alikuwa akitoa mate. Miguu ya nyuma ilitetemeka, akashuka chini taratibu kama mtu anayetafuta kiti gizani, na hakuinuka. Daktari wa mifugo alifika mbio akiwa na mkoba wake, lakini hakupata hata nafasi ya kuufungua. Aliinamia hori la kulishia, akainua bua moja, akaligeuza kwenye mwanga. Madoa yalikuwepo. Yalikuwa mengi, kutoka chini hadi juu, na mvua ilikuwa imeyasafisha yakang'aa.

"Nani amekuambia hii ni chakula ya ng'ombe?"

Watu wanne walikuwa wamesimama uani wakisikia. Cucu alikuwepo. Karani wa maziwa, yule anayepima maziwa yetu kila asubuhi, alikuwepo pia. Walikuwa wananitazama.

"Afisa," nikasema.

Jioni ile nilizika mzigo wote uliobaki pamoja na ng'ombe.

Afisa alikuja kesho yake asubuhi, matope hadi magotini. Hakusalimu. "Mwalimu, nionyeshe shina."

"Nimezika."

"Yote?"

"Yote."

"Daktari anasema iko na madoa. Wewe uliona haina."

"Ndivyo nilivyoona."

Alinitazama kwa muda mrefu. Laiti angenitazama kwa shaka, ningepumua. Alinitazama kama mtu anayesoma ukurasa mgumu wa kitabu anachokiamini. "Basi zilikuwa mbili," akasema, kwa sauti ya kujiambia. "Kwa mzigo moja kulikuwa na aina mbili." Kisha akaenda kwa wale wanne, kwa kila mmoja wao, akawaambia kosa ni lake, kwamba alipaswa kungoja aone kwa macho yake mwenyewe.

Habari ikazunguka. Afisa hakuwa mzaliwa wa huku, alitoka upande wa mashariki, kule kwenye jua, na jambo ambalo halikuwahi kutusumbua likaanza kutusumbua. Atajuaje majani yetu, watu wakasema. Majani yakaacha kuletwa, na picha zikaacha kutumwa. Karani wa maziwa, ambaye ana mdomo, alipomwona akija kununua maziwa yake ya asubuhi, aliita mbele ya foleni nzima: "Afisa! Leo simu imeua nani?" Watu wakacheka. Nilikuwa kwenye foleni hiyo, mtungi mkononi, kwa kuwa sasa na mimi nilikuwa mnunuzi. Nilitazama mfuniko wa mtungi wangu.

Naye akazidi kutembea. Zamani alitembea kama mtu anayefurahia, akisimama kila hatua kumi. Sasa alipita moja kwa moja kwenda mtoni, asubuhi na alasiri, na kurudi amelowa. Hakunywa chai hata ile nusu. Nilimwona kupitia kayaba akisimama katikati ya boma lake tupu, anapekua simu, anaiachia ianguke kifuani, anaishika tena. Mimi mwenyewe nililala vibaya siku hizo. Nilijiambia kwamba kinachomtembeza ni aibu, na kwamba aibu huisha. Nafundisha watoto wa miaka kumi. Kila wiki nawaambia waseme ukweli hata kama umechelewa, kisha narudi nyumbani na kuangalia nje kupitia ua.

Mwaka jana alihama. Alipanga chumba Ruring'u, pembeni mwa mji wa Nyeri, karibu na uwanja wa michezo. Aliondoka na godoro, jiko, na maboksi mawili ya magazeti ya zamani ambayo ndani yake, enzi zake za kazi, alikausha mimea. Nilimsaidia kufunga maboksi. Nilikuwa na maneno mdomoni muda wote ule, na nilichosema ni, "Kamba ingine iko?"

Mwezi wa nne uliopita nilikuwa na mkutano wa walimu Ruring'u. Ulipoisha nilitoka nikifuata ukuta wa uwanja, na pale kwenye mtaro nikaona gambuti mbili na mgongo ninaoujua. Alikuwa amepiga magoti, simu ikiwa karibu kugusa ardhi.

Alinitambua kabla sijasema neno. "Mwalimu! Kuja uone."

Hakuniuliza habari za nyumbani. Alinipa simu, akaanza kuzisukuma picha kwa kidole juu ya kiganja changu. Nilitegemea maua, vipepeo, pengine kinyonga. Yalikuwa mashina. Shina baada ya shina, kila moja limepigwa kutoka udongoni hadi juu, na kila moja lina madoa ya zambarau.

"Hii ni ya mto wetu. Hii pia. Hii ni ya Sagana, nilishukia pale darajani nikaachwa na gari, nikafika kwa harusi watu wanakula keki ya mwisho. Hii ndogo, hii mzee, hii ya kivuli, hii ya jua. Zote ziko na madoa. Mia na mia. Nimekosa moja tu."

"Gani?"

"Yako. Ile haina."

Nilihisi simu ikiwa nzito. "Afisa, ya nini yote haya? Ng'ombe alikuwa wangu, na mimi nimesahau."

"Wewe umesahau?" Alisimama, akafuta magoti, akaanza kutembea huku na huku kwenye ukingo wa mtaro, hatua nne kwenda, nne kurudi. "Mimi nimefundisha watu maisha yangu yote: angalia madoa. Kina mama, watoto wa shule, wachungaji. Nimesimama mbele yao nikasema, kama haina madoa usiogope. Sasa kama kuna moja haina madoa na inaua, na wewe uliiona na macho yako, basi mimi nimewafundisha kufa. Nikikaa, naiona. Nikilala, naiona. Lazima niipate niwaambie. Unakumbuka ilikuwa nene kiasi gani? Ilikuwa na manyoya?"

Alikuwa ameniamini kabisa. Katika miaka mitatu, kati ya mambo yote aliyoyatilia shaka, simu, daktari, macho yake mwenyewe, kazi yake yote, hakuwahi kulitilia shaka neno langu.

"Haipo," nikasema.

"Nini haipo?"

"Hiyo shina. Sikuenda kuangalia. Mvua ilikuwa inanyesha, nikakuandikia tu."

Aliacha kutembea. Gari lilipita, likarusha maji, hakusogea.

"Kutoka jikoni hadi kwa zizi ni hatua ngapi?" akauliza.

"Thelathini."

"Thelathini." Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alikaa. Alikaa pale pale kwenye ukingo wa mtaro, miguu yote miwili mbele yake, mikono mapajani. "Basi haiko," akasema. Akavuta pumzi. "Basi haiko." Uso wake ulilegea, na kwa muda mfupi nilidhani mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Hasira ilimjia kutoka chini, kama maji ya mtaro ule mvua inaponyesha mlimani.

"Miaka tatu, Mwalimu! Gambuti mbili nimemaliza! Yule karani ananiuliza leo nimeua nani, na wewe umesimama pale na mtungi!"

"Nilisimama."

"Ulicheka?"

"Sikucheka."

"Ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

"Afadhali ungecheka. Ningejua kuna kitu."

Nilianza kumwomba msamaha. Alinyoosha mkono kama anayesimamisha gari.

"Usiniombe hapa kwa mtaro. Huu mtaro haukusikia ukisema Afisa. Wale wanne ndio walisikia. Jumatatu asubuhi, pale kwa maziwa, foleni ikiwa imejaa. Utasema. Na utasema hatua ni ngapi."

Jumatatu nilisema. Foleni ilikuwa ndefu, baridi kali, mlima haukuonekana. Nilisema kila kitu, picha moja kutoka juu, sauti yake akiniuliza shina, mvua, madaftari, soksi, hatua thelathini. Karani alikuwa ameshika kipimo juu ya ndoo, kikabaki hewani kikidondosha maziwa. Cucu akagonga mkongojo chini.

"Kwa hivyo si simu iliua."

"Hapana, Cucu."

"Na si Afisa."

"Si Afisa."

"Ni soksi kavu," Cucu akasema, na hakuwa anatania.

Karani alinipimia maziwa bila kunitazama. Nilipofika langoni nikamsikia akisema, si kwangu, kwa kila mtu: "Na mimi niliongea maneno pale." Wengine hadi leo wananisalimu kwa ufupi. Ni haki yao.

Afisa hajarudi Mweiga, wala sijui kama atarudi. Lakini wiki mbili baadaye nilikuwa kwenye foleni mvua ikinyesha, na karani akafika na mzigo wa majani ya ng'ombe wake, akauangusha nje kando ya mlango. Alipiga picha moja akiwa amesimama kizingitini, akaituma, akaingia kupima maziwa. Simu yake ikalia kwenye mfuko wa koti. Aliifungua mbele yetu, na ile sauti yenye upepo ikajaa chumba kizima: "Umeniletea kichwa bila mwili."

Karani aliitazama mvua. Kisha akanitazama mimi. Akavuta koti juu ya kichwa, akatoka, akapiga magoti kwenye matope, akaanza kuchambua mashina, moja moja, na foleni nzima ikamngoja.

Sasa chukua simu yako pale mezani. Toka nje, utafute mmea mmoja usioujua. Piga picha ya jani, kisha uligeuze upige upande wa chini. Piga ua, kama lipo. Piga shina lote, kutoka udongoni hadi juu. Soma majina yote ambayo simu itakupa, usiishie kwenye la kwanza, na usiule wala usimlishe mnyama kwa sababu ya picha tu. Mtu akikuuliza umeona nini, mwambie ulichokiona. Kama hujaona, mwambie hujaona, kisha uende ukaangalie. Na kama mvua inanyesha, lowa.